Mkokoteni wa Maboga

Körösliget, Ijumaa, 10 Januari 2025

Mama mpendwa,

Basi la Lajos linapita kesho alfajiri kuwapeleka wenzako Austria, kwa hiyo naandika upesi huku Borka amelala. Nimekuwekea soseji mbili za pilipili, soksi za sufu ulizozisahau juu ya jiko, na barua hii. Najua utasema simu zipo. Simu tumeijaribu, Mama. Mara ya mwisho tuligombana dakika arobaini kuhusu kofia ya mtoto, na huko kwa bibi unayemlea mtandao unapatikana nyuma ya banda la kuni tu, ukaishia kupata mafua. Kwenye karatasi angalau kila mtu anamaliza sentensi yake.

Hapa hatujambo. Mume wangu Gergő yuko barabarani na lori hadi Alhamisi. Mjukuu wako ametimiza mwaka na miezi miwili, anatembea kwa kushikilia viti, na anakula kila kitu, vifungo vya koti vikiwemo. Tumeanza kwenda kwenye kikundi cha nyimbo pale maktaba, kila Jumanne saa nne asubuhi. Anayekiongoza ni Ágota, yule wa kwaya yako ya shule, aliyekuwa akisimama mstari wa mbele. Tunakaa sakafuni kwenye zulia, akina mama kumi na baba mmoja, kila mtu na mtoto wake mapajani. Ágota mwenyewe anapakata mwanasesere wa kitambaa ili tuone mchezo unavyochezwa. Hakuna piano wala redio, ni midomo yetu tu, na wimbo mmoja tunaurudia hata mara kumi. Siku ya kwanza nilidhani anatutania.

Tunaimba vizuri. Borka anafurahi.

Sasa Ágota ametaka kila familia ilete wimbo wake, ule ambao mzazi aliimbiwa nyumbani akiwa mdogo. Wangu ni upi, Mama? Uliniimbia nini?

Wako,
Réka


Karibu na Graz, Jumamosi, 11 Januari

Mwanangu Réka,

Soseji zimefika, moja imeshaliwa. Bibi Edeltraud amekula nusu yake kisha akaniuliza mimi ni nani. Ananiuliza kila asubuhi. Ana miaka tisini na mmoja, nimeacha kuchukia. Jolán, ninayepokezana naye zamu, bado mguu wake uko kwenye plasta, kwa hiyo nitakaa huku hadi katikati ya Machi. Pensheni ya mwalimu haipashi nyumba joto, basi tuvumilie.

Unaniuliza niliimba nini? Nimesimama mbele ya watoto wa watu miaka thelathini na minne nikiimba. Nimekuchagulia wimbo mzuri, wa mti wa mwerebi na ndege wawili, uko kwenye karatasi ya pili, nimeuandika kwa noti. Usianzie chini. Mwisho wa mstari usikokote. Kwenye mstari wa tatu vuta pumzi kabla ya "ndege", si baada yake. Fanya mazoezi mbele ya kioo kwanza.

Nimefurahi kwamba ni Ágota. Yule mtoto alikuwa na sauti ya kengele. Borka umvike kofia.

Mama


Körösliget, 24 Januari

Mama,

Kofia anavaa. Wimbo wa ndege nimempa Ágota, ameuimba, mama mmoja akatokwa na machozi. Nami niliimba pamoja nao.

Ila kuna jambo. Nyumbani Borka anapiga kelele kutwa nzima, anagonga sufuria, anasema "ba" kwa baba yake na kwa friji pia. Lakini kule maktaba, wimbo ukianza tu, ananyamaza kabisa. Ananitazama, kisha anafungua mdomo na kuufunga, anafungua na kufunga, bila sauti hata kidogo. Wimbo ukiisha, anacheka na kupiga kelele kama kawaida. Wenzangu wanaona ni kichekesho. Wanasema anaiga yule samaki wa Krismasi tuliyemweka hai kwenye bafu hadi siku ya kumpika, na kweli alishinda siku tatu ukingoni akimtazama.

Mimi sicheki. Ni wiki ya tatu sasa. Nilimweleza nesi wa familia alipokuja kumpima uzito, akaandika karatasi twende hospitali apimwe masikio. Miadi ni tarehe nne. Naogopa, Mama. Nikilala naona mdomo ule mdogo unafunguka na kufungwa.

Réka


Karibu na Graz, 25 Januari

Mwanangu,

Usijitie hofu. Nimefundisha watoto elfu, asiyesikia hawezi kujua wimbo umeanza. Nendeni mkapime, karatasi ya hospitali haiumi, lakini masikio hayana tatizo. Ni yule samaki. Nilisema mapema kwamba mtoto asizoeshwe kukaa bafuni.

Kinachonipa shaka ni huo ufundishaji. Mara kumi wimbo mmoja, na wote sakafuni? Mtoto atajuaje sauti ipi aifuate, kama kila mzazi anaimba lake? Nimemwandikia Ágota ukurasa mmoja, nimeufunga ndani ya bahasha hii. Mpe, na usiusome.

Mama


Körösliget, Ijumaa, 31 Januari

Mwalimu Hedvig, naibusu mikono yako.

Nimesoma ushauri wako mara mbili. Nilipofika pale ulipoandika "shingo wima, Ágota", nilijikuta nimenyoosha mgongo jikoni kwangu. Ni kweli usemavyo kwamba naanzia chini. Naanzia chini kwa makusudi, kwa sababu wanaokuja kwangu hawajalala usingizi wa kueleweka tangu mwaka jana, na juu hawafiki. Na ni kweli kwamba kila mtu anaimba lake. Zoltán, tarishi wetu, ambaye ndiye baba pekee kwenye zulia, anaimba kama mtu anayesukuma kabati. Mwanawe akimsikia anageuka kumtafuta, anaiacha sauti yangu anaifuata ile. Wanakuja kusikia sauti ya wa kwao, Mwalimu. Ya kwangu nzuri, lakini si ya nyumbani kwao. Mimi hilo lilinichukua miaka kulikubali.

Sasa niseme jambo ambalo pengine si langu kulisema. Samaki hana hatia. Tangu siku ya kwanza Réka haimbi. Anafungua mdomo na kuufunga kwa wakati barabara, maneno yote yako sawa, na hatoi sauti. Anafanya vizuri kiasi kwamba aliyekaa mbali hawezi kugundua. Mimi niligundua kwa sababu niliwahi kusimama karibu naye, miaka ile, kwenye kwaya yako. Borka anakaa mapajani akimwangalia mama yake usoni, na anafanya kile anachokiona.

Sijamwambia Réka kwamba nimeona. Nitamwambia hilo, na pia kwamba nimekuandikia, sitaki kumficha. Nipe siku chache nipate ujasiri.

Kwa heshima,
Ágota wako wa mstari wa mbele


Körösliget, 7 Februari

Mama,

Jumapili iliyopita Lajos alirudi mikono mitupu. Akasema ulitoka hadi kwenye basi, ukasimama, ukamwambia "hakuna leo", ukarudi ndani. Unaumwa? Au ni Bibi Edeltraud?

Masikio ya Borka mazima. Daktari alinong'ona nyuma yake, mtoto akageuka na kumnyang'anya kalamu. Nilikaa kwenye benchi la korido nikalia hadi mhudumu akaniletea chai ya ndimu. Sasa najua anasikia, na bado mdomo ule unafunguka na kufungwa. Kwa hiyo tatizo si masikio. Ni nini, sijui. Au najua.

Andika kitu. Hata kuhusu kofia.

Réka


Karibu na Graz, Jumamosi, 8 Februari

Réka, mwanangu,

Siumwi. Niliandika barua Jumamosi ile nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii nitaipeleka jinsi ilivyo.

Ágota ameniandikia. Usimkasirikie, au mkasirikie kidogo tu. Amenieleza unavyofanya na mdomo. Hakujua kwamba mimi ndiye niliyekufundisha.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa nyuma ya jukwaa kwenye mashindano ya wilaya, umevaa soksi nyeupe, utepe wa nywele umelegea. Nikapiga magoti nikawa naufunga upya, na nilipokuwa naufunga nikakwambia: "Réka, leo fungua mdomo tu. Usitoe sauti." Ukasema, "Sawa, Mwalimu." Shuleni uliniita Mwalimu, tulikubaliana hivyo. Nikaona umekubali upesi, nikafurahi kwamba hukulia.

Nilikuwa na waimbaji thelathini na wawili. Wengine watatu pia walikuwa wanatoka nje ya noti, wala sikuwaambia kitu. Nilikwambia wewe kwa kuwa ulikuwa wangu na niliona aibu. Tulipata cheti cha dhahabu. Kiko ukutani kwenye korido, unapita chini yake kila siku na beseni la nguo.

Miaka yote nimejidanganya kwamba umesahau. Wiki hii nimeelewa kwamba ulitii. Uliambiwa ufungue mdomo bila sauti, na hakuna aliyekuja kukwambia kwamba mashindano yameisha. Naona aibu, Réka. Safari hii naona aibu kwa ajili yangu mwenyewe. Nisamehe ukiweza. Kitoe kile cheti ukitie jikoni kwenye moto.

Mama yako, si Mwalimu


Körösliget, 14 Februari

Mama,

Cheti nimekiacha. Kinaziba ufa.

Nilikuwa najua unakumbuka. Kila nilipoanza kuimba kitu jikoni, ulikuwa unaongeza sauti ya redio. Ágota naye ameshaungama, mezani kwangu, akitafuna keki yangu, na nimemnunia wiki nzima. Nimekuwa na mambo mengi ya kununia.

Unauliza kuhusu kusamehe. Sijui, Mama. Naosha vyombo nikiwa nimekusamehe, nikianza kuvifuta tayari nimebadili mawazo. Nakasirika zaidi kwa ajili ya Borka kuliko kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa mkubwa wa miaka tisa, nilielewa cheti ni nini. Yeye anadhani hivyo ndivyo watu wanavyoimba.

Nilijaribu Jumanne. Nilivuta pumzi kabla ya "ndege", kama ulivyoelekeza, na mdomo ukafunguka tena bila sauti. Halafu nikaelewa kwamba hata wimbo wenyewe si wangu. Hukuwahi kuniimbia habari za ndege. Uliwaimbia kwaya. Aliyeniimbia ni Baba, bandani kwa bata bukini, akinirusharusha magotini kwake. Ulikuwa wimbo wa mkokoteni wa maboga unaopita kwenye mashimo, na nilikuwa nauimba naye hata baada ya mashindano, kwa sauti, kwa sababu bata hawakuwa na ubaguzi. Baba alipokufa ndipo nilipoacha kabisa. Hilo ulikuwa hulijui, basi nalo lijue, usijibebeshe mzigo wote peke yako.

Nakumbuka mashimo mawili. La tatu limenipotea. Je, unaukumbuka wimbo ule? Au uliziba masikio?

Réka


Karibu na Graz, 15 Februari

Mwanangu,

Nilifunga mlango. Masikio sikuziba. Wimbo wa baba yako naukumbuka wote.

Nimeshindwa kuuandika kwa noti. Nimeharibu karatasi tatu. Imre hakuwahi kuuimba kwa namna moja mara mbili, alikuwa anaanza popote na kuishia kwa jirani. Mimi nikiwa dirishani jikoni nilikuwa namwambia, "Imre, nyamaza, utamharibu mtoto masikio," naye anajibu, "Hedvig, haya ni maboga, si kanisa." Kwa hiyo nakuandikia maneno tu:

Mkokoteni wa maboga, twende polepole,
baba mbele, bata nyuma, farasi kachoka.
Shimo la kwanza, tumepita.
Shimo la pili, tumepita.
Shimo la tatu...

Hapo alikuwa ananyamaza. Usiruke hapo, Réka, hapo ndipo penye wimbo wenyewe. Alikuwa anakushikilia juu ya magoti na hasemi kitu. Ananyamaza hadi mimi nasimama na mwiko mkononi, supu inachemka, nasubiri. Halafu anaachanisha magoti, unadumbukia katikati, na linasikika "pu". Umelisahau shimo la tatu kwa sababu si yeye aliyekuwa akilisema. Ulikuwa wewe. Ulikuwa hujafika hata umri wa Borka. Hilo ndilo neno lako la kwanza, na mimi kwenye daftari la mtoto niliandika kwamba la kwanza lilikuwa "mama".

Leo asubuhi nilimwimbia Bibi Edeltraud nikimvisha soksi. Nimeuimba vibaya kwa kadiri nilivyoweza, kwa heshima ya Imre. Nilipofika kwenye kimya nikalia, naye akanipangusa shavu kwa soksi iliyobaki. Hakuuliza mimi ni nani.

Mama


Körösliget, Ijumaa, 7 Machi

Mama mpendwa,

Wiki tatu sijaandika kwa sababu sikutaka kukupa matumaini ya bure. Jumanne mbili za kwanza nilikaa na karatasi yako mfukoni nikarudi nayo nyumbani. Nyumbani nilikuwa nauimba mbele ya mashine ya kufulia ikiwa inazunguka, isinisikie mtu. Borka alikuwa anatambaa hadi mlangoni, anasimama kwa kushikilia fremu, ananitazama mdomo.

Jumanne hii Ágota alisema, "Leo nani ana wimbo wa nyumbani?" Nikasikia mtu anasema "mimi", na ni mimi. Nikamweka Borka magotini, uso wake kwangu. Nikaanza. Mama, nilianza chini. Nilianza chini kuliko Ágota, chini karibu na Zoltán, na ilitoka kavu, ya kukwaruza, na kwenye "farasi kachoka" nikapotea kabisa. Nilijua nimepotea, nikasubiri mtu aongeze redio. Hakuna aliyeongeza. Zoltán akaingia nami kwa kusukuma kabati lake, wengine wakafuata, kila mtu kwa njia yake.

Borka hakufungua mdomo. Alikuwa ameukodolea macho ule wa kwangu, mkono wake mmoja kauweka hapa kooni pangu, palipokuwa panatetemeka. Shimo la kwanza, tumepita. Shimo la pili, tumepita. Shimo la tatu. Nikanyamaza.

Nilinyamaza hadi nikaona aibu. Ágota alikuwa amemshika mwanasesere hewani kwa miguu, hapumui. Mama mmoja alitaka kusaidia, mwenzake akamgusa goti. Borka ananitazama, mimi namtazama. Nikasema moyoni, basi, haitatoka, niachanishe tu magoti yaishe.

Akasema "pu".

Alisema kwa mate, yakaniingia jichoni, lakini ilikuwa na sauti, Mama, sauti nene kama ya Baba, watu wote wakaisikia, hata mkutubi aliyekuwa kwenye rafu za mbele akachungulia. Nikamdumbukiza. Akapanda tena magotini mwenyewe na kunishika mdomo kwa vidole, nianze upya. Tuliuimba mara kumi na moja. Mara ya nne alianza kunguruma pamoja nami tangu mwanzo, bila maneno, nje ya noti kabisa, mtoto wa mama yake. Najua "pu" si hotuba. Nesi atasema tusubiri. Nasubiri kwa raha zangu.

Jolán amenipigia, plasta imetoka, Jumamosi ijayo anakuja kukupokea zamu. Kwa hiyo Jumanne ya tarehe kumi na nane utakuwa hapa, na nataka uje maktaba. Utakaa sakafuni kama sisi wote, nimekushonea mto wa magoti. Ágota anaogopa tangu sasa.

Sharti liko moja. Nitaimba, na nitatoka nje ya noti, wewe utasikia kabla yangu. Usinivute kunirudisha, wala usinyamaze kwa adabu. Nifuate. Huko nitakokwenda, nawe njoo uimbe huko huko.

Wako,
Réka

Bado sijamaliza kuhusu vyombo. Lakini siku hizi huwa navifuta hadi cha mwisho.


Karibu na Graz, Jumamosi, 8 Machi

Réka wangu,

Lajos anapiga honi, nina dakika mbili. Hata kabla ya sharti lako kufika, nimefanya mazoezi wiki nzima na Bibi Edeltraud. Yeye anaanzia popote, mimi namfuata. Jana tulifika pabaya sana, tukacheka.

Nakuja. Anza wewe.

Mama